Kichupa Namba Saba

Kilifika Jumanne kwa treni ya umeme
ndani ya boksi jeupe linalotoa moshi.
Mlinzi wa geti akarudi nyuma hatua tatu:
"Yusta, hicho kitu kinaungua?"
Hakiungui, nikamwambia, ni barafu kavu.
Na katikati ya barafu, kichupa
kisichozidi ncha ya kidole changu cha mwisho,
ndani yake tone
ambalo nzi wa Ng'ong'ona angelimaliza kwa mkupuo mmoja.

Karatasi yake inasema: Tripsini. Ya binadamu.
Mstari unaofuata: Si kwa matumizi ya binadamu.
Nilisoma mara mbili, nikacheka peke yangu.

Ya binadamu yupi?
Hakuna aliyekinga mkono kutolewa damu.
Walichukua herufi za jeni tu,
wakawaazima bakteria,
na bakteria, wasiojua kongosho ni nini,
wakakufua usiku na mchana
kama wahunzi wanaofua kisu cha mtu wasiyemjua.
Nimekuandika daftarini:
rafu ya pili, tundu la saba.
Kwenye safu ya "asili" nimeacha wazi.

Nimekupima kwa maziwa.
Ya unga yangetosha, mwongozo unasema hivyo.
Mimi nilileta ya ng'ombe wa mama, kutoka Mvumi,
nikaengua mafuta, nikayagandisha kwenye sahani ya kioo,
nikatoboa tundu, nikakudondosha.
Baada ya saa mbili weupe ulifunguka:
duara safi, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.
Mama hufanya hivyo kwa majani ya mpapai
nyama ya beberu mzee inapokataa jino.
Kemia hajaisoma. Anajua tu
ukizidisha saa, nyama inakuwa uji.

Uji.
Daktari wa zamu alitumia neno hilohilo
mwaka ule baba alipojikunja kama jongoo
kwenye benchi la Hospitali ya Mkoa.
Kimeng'enya kimeamka mapema, alisema,
kabla hakijatoka nyumbani.
Kongosho limejila lenyewe.
Naftali Chiwanga, mchimba visima,
kutoka Bahi hadi Chamwino watu wanakunywa mkono wake.
Alijua kusikiliza maji chini ya mwamba.
Hicho hakukisikia.

Nilitaka kukuchukia, kichupa.
Nimejaribu, hata wiki hii nimejaribu.

Kisha leo, saa nane usiku, umeme umekatika.
Jenereta imekohoa mara mbili, ikanyamaza;
dizeli, ubaoni, imeandikwa "wiki ijayo".
Nyuzi zinapanda: hasi sabini na nne,
hasi sabini na moja,
hasi sitini na tano.
Ukipata joto na huna cha kukata,
unajikata.
Hilo nalo limo kwenye karatasi, kwa maandishi madogo.

Basi nimekuzika kwenye barafu iliyobaki,
nimevua kitenge, nikakizungusha kwenye boksi
mara tatu, fundo juu,
kama baba alivyofunga dumu la maji kwenye baiskeli.
Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye friza.
Upepo wa Julai unasukuma vumbi chini ya mlango
na kilima kizima cha chuo ni giza,
isipokuwa simu yangu, asilimia kumi na moja.

Asubuhi Dokta Mhembano atakuja na magome yake,
atayachemsha, atayachuja,
tuone kama humo kuna lolote
linaloweza kukushika mkono na kukuambia: ngoja.
Neno hilo tu.
Ngoja, hujafika.

Saa kumi na dakika sita. Taa zimewaka zote kwa pamoja,
friza imeguna kama ng'ombe aliyeamshwa.
Naandika: namba saba, kizima.
Kalamu inateleza, vidole vina ganzi.
Kitenge nakiacha hapohapo kwanza.